Amosi Katika Betheli

Wasikilizaji wangu, Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa katika Yuda, naye alivuka mpaka akaenda Betheli kuwaonya Waisraeli. Tazameni werevu wake: alianza na makosa ya Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Nadhani watu walifurahi, maana ni nani asiyependa kusikia jirani akishitakiwa? (Nasi walimu twaijua njia hiyo.) Hata Yuda, kwao mwenyewe, hakuiacha. Ndipo akawageukia wenyeji: wamemwuza maskini kwa jozi ya viatu, na mizani yao ni ya hila, basi watahamishwa. Kuhani Amazia akamwamuru arudi kwao. Kadiri ya mwaka 722 kabla ya Kristo Waashuri waliutwaa mji wa Samaria, wakawachukua watu mateka.