Tuyajue Mawe Yetu: Wito kwa Kamati za Sharika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Mbinga)



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya kahawa, visima na vikundi vya kuweka na kukopa. Leo tunaomba tuzungumze juu ya mawe.

Mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi. Katika bonde lake mna tabaka za mchanga na tope zilizogeuka mwamba, na ndani yake mifupa ya wanyama wa kale. Miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza, Rex Parrington, alikusanya baadhi yake. Mfupa wa mkono na pingili chache za uti wa mgongo vilikaa makumbusho mpaka mwaka 2013, wataalamu walipompa mnyama huyo jina Nyasasaurus, kwa ajili ya ziwa letu. Aliishi miaka ipatayo milioni 243 iliyopita. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu. Mwingine wa bonde hilo aliitwa, mwaka 2010, Asilisaurus kongwe, kwa maneno yetu ya asili na kongwe.

Ndugu zangu, dunia inayasoma majina haya. Je, watoto wetu wanayajua? Kila masika mvua hufukua mifupa mingine makorongoni na kuisomba. Kijana anayechunga mbuzi huikanyaga akidhani ni changarawe.

Kwa hiyo tunapendekeza sharika zianzishe vikundi vya kujifunza miamba, vya vijana na wazee pamoja. Kazi hii si ya wasomi peke yao. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Boheti bin Amrani alisimamia wachimbaji waliofukua mifupa mikubwa iliyopelekwa Berlin.

Kikundi kitatembea makorongoni baada ya mvua. Kitautazama mwamba wa Pomonda pale Liuli, na kujifunza jinsi mimea ya kale ilivyogeuka makaa ya mawe ya Ngaka. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, kioo cha kukuzia na simu yenye kamera.

Masharti ni matatu. Kwanza, mfupa ukionekana usiondolewe mahali pake. Upigwe picha kando ya kalamu ili ukubwa wake ujulikane, na mahali paandikwe. Pili, serikali ya kijiji iarifiwe. Tatu, usiuzwe wala kuchimbwa, kwa maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki hayo.

Wapo wanaouliza kama mamilioni haya ya miaka yanapingana na imani. Sisi tunaona kwamba anayechunguza kazi ya Muumba kwa uaminifu hamvunjii heshima. Yoshua naye aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani, ili watoto watakapouliza wapate jibu.

Tunaziomba kamati zilete mapendekezo ya vikundi kabla ya masika. Wafadhili tunawaomba vioo na madaftari. Gharama ni ndogo, lakini mfupa uliosombwa na maji haurudi.