Malaria ya Njiwa: Anza na Kiota, Si Vidonge



Kutoka Dandora hadi Kayole, Umoja hadi Kariobangi, visanduku vya njiwa vimepigiliwa kwenye kuta na juu ya mabati. Makinda wakianza kufa, maneno huanza. Jirani anahofia watoto wake watapata malaria. Mwenye njiwa anasaga vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani na kuwapa ndege. Wote wawili wamekosea.

Ugonjwa huo huletwa na kimelea kiitwacho Haemoproteus columbae, kinachoishi ndani ya chembe nyekundu za damu ya njiwa. Ni jamaa wa kimelea cha malaria ya binadamu, lakini hakiambukizi watu, wala hakienezwi na mbu. Huenezwa na nzi bapa wa kahawia anayekimbia chini ya manyoya akinyonya damu. Nzi huyo anaweza kumuuma anayeshika njiwa, ila hampi malaria.

Njiwa wakubwa mara nyingi hukaa nacho bila dalili. Wanaoumia ni makinda: hulegea, hukataa kula, na ndani ya mdomo huwa peupe kwa upungufu wa damu.

Nzi huyu hatagi mayai. Huangusha buu aliyekomaa kiotoni au kwenye nyufa, akageuka kuwa kifuko kigumu cheusi kama mbegu. Nzi mpya hutoka baada ya wiki tatu au zaidi. Kwa hivyo anayesafisha kisanduku kila wiki mbili humtangulia. Takataka zimwagiwe maji yanayochemka, zifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Dawa ya mende isipulizwe penye makinda. Vidonge vya watu visitumike: kipimo chake ni cha kubahatisha, na mabaki yanaweza kubaki kwenye nyama. Njiwa aliyenunuliwa sokoni atengwe kwa mwezi mmoja.

Anayetaka uhakika amwone daktari wa mifugo. Tone la damu likitazamwa kwa hadubini humaliza ubishi. Maabara za mifugo zipo Kabete.

Kuku wengi wakifa kwa siku chache, isidhaniwe ni malaria. Huenda ni kideri, ambacho huzuiwa kwa chanjo. Afisa wa mifugo wa kaunti ndogo aarifiwe siku hiyo hiyo, na mizoga isiuzwe wala kuliwa.