Jumapili ya Pentekoste: Lugha Aliyozaliwa Nayo



Wapendwa wasikilizaji, ndugu zetu waamini wa Mtwara mjini na Mikindani, hadi Msimbati na Kilambo ambako Mto Ruvuma unakaribia bahari: leo tunaadhimisha Pentekoste. Tumesikia katika somo la kwanza jinsi umati uliokusanyika Yerusalemu ulivyostaajabu, kwa kuwa kila mmoja aliwasikia wale Wagalilaya wakinena kwa lugha aliyozaliwa nayo. Tusilipite haraka neno hilo. Siku zile Kigiriki kilikuwa kimeenea katika miji mingi ya dola ya Kirumi, na wengi wa wageni wale wangeweza kuelewana kwa Kigiriki cha sokoni. Roho Mtakatifu hakutosheka na lugha ya sokoni. Aliwafuata watu hadi katika lugha ya mama zao.

Twalisema hili kwa ajili ya nyumba moja tuliyoizoea, si mbali na mlango wa Ruvuma. Baba ni Mmakonde, kwao ni Newala. Mama ni Mmakua wa upande wa Masasi. Walipojaliwa mtoto wa kwanza, ukazuka ubishi. Baba alitaka mtoto aseme Kimakonde, kwa kuwa amezaliwa nyumbani mwake. Wajomba wa mtoto wakamkumbusha kwamba kwa desturi ya Wamakua, kama ilivyo kwa Wamakonde wenyewe, mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi aseme Kimakua. Ili amani ipatikane, wazazi wakanyamaza wote wawili, wakamlea kwa Kiswahili peke yake.

Nasi, hatuna budi kuungama, tuliwasifu. Tulisema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya shule na ya taifa, na kwamba lugha mbili za nyumbani zitamchanganya mtoto. Tulisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajalea.

Miaka saba baadaye bibi mzaa mama aliletwa kwa matibabu, akakaa katika nyumba ile majuma yake ya mwisho. Kiswahili alikuwa nacho, cha kuulizia bei na cha kusali Baba Yetu. Lakini maradhi yalipomlemea, Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kimakua tu. Jioni moja alimwita mjukuu wake, akamwekea mkono kichwani, akasema maneno mengi, taratibu. Mtoto akageuka, akauliza, "Mama, bibi anasemaje?" Mama alianza kutafsiri, machozi yakamzuia. Baadaye alitueleza kwamba maneno yale hayakuwa magumu hata kidogo. Yalikuwa baraka, pamoja na majina ya mabibi waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Mtoto alibarikiwa asijue. Siku chache baadaye tulimzika bibi.

Tangu siku ile tumeisoma upya sura ya mwisho ya kitabu cha Nehemia. Nehemia aliwakuta Wayahudi waliooa wanawake wa Ashdodi, Amoni na Moabu, na watoto wao hawakujua kusema lugha ya Yuda. Hakuwa na subira: aliwalaani baba zao, akawapiga baadhi yao na kuwang'oa nywele. Nywele za wazazi wa Mtwara tunaziacha salama. Lakini uchungu wa Nehemia tunauelewa leo kuliko zamani, maana mtoto asiyeisikia lugha ya wazee wake hukosa mengi waliyokusudia kumwachia. Hata hivyo, dawa ya Nehemia ilikuwa kuzitenga nyumba za mchanganyiko. Pentekoste haimfukuzi mtu nyumbani, inaongeza lugha.

Je, mtoto atachanganyikiwa? Jules Ronjat, mtaalamu wa lugha wa Ufaransa aliyeoa mke Mjerumani, aliandika kitabu mwaka 1913 juu ya mwanawe. Baba alisema naye Kifaransa tu, mama Kijerumani tu, na mtoto akazishika lugha zote mbili. Wengi wamechunguza jambo hilo baada yake. Mtoto mdogo huchanganya maneno kwa muda, naam, naye huweza mapema kutambua lugha ipi ni ya nani. Wala hatukuwa na haja ya kwenda Ufaransa kulitafuta hili: katika vijiji vyetu wapo wazee wengi wasemao Kimakonde, Kiyao na Kimakua bila kufundishwa na mwalimu yeyote.

Na Kiswahili? Tusikihofie. Tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za taifa letu. Mtoto wa Mtwara hukipata uwanjani, sokoni na redioni, hata asipokitafuta. Lugha ya bibi haina shule wala soko la kuitegemea. Ina baba, au mama, basi. Tazameni pia ng'ambo ya Ruvuma: wapo jamaa zetu wa damu ambao shuleni walifundishwa Kireno. Siku ya msiba tunapovuka kwenda kwao, Kireno chao na Kiswahili chetu huweza kukosana, na hapo Kimakonde ndicho kinachowaketisha wafiwa pamoja.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msigombee mtoto mmoja kana kwamba ana sikio moja. Kila mmoja na aseme naye kwa lugha yake, kila siku, hata mtoto akijibu kwa Kiswahili. Wala mume asimcheke mkewe anapoimba kwa Kimakua, wala mke asiite Kimakonde lugha ya porini. Mtoto huona haya kwa lile ambalo mzazi wake amelionea haya. Nanyi makatekista, mnapoandikisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, waulizeni: bibi yako husema nawe kwa lugha gani? Timotheo alikuwa na baba Mgiriki na mama Myahudi, na Mtume Paulo anapoitaja imani yake anaanza kwa kumtaja bibi yake, Loisi.

Katika nyumba ile amezaliwa mtoto wa pili, naye sasa ana miaka mitatu. Safari hii wazazi hawakunyamaza. Humwomba mama maji kwa Kimakua, akimwona baba akirudi kutoka pwani humwita kwa Kimakonde, na akitoka nje hugombana na wenzake kwa Kiswahili safi. Tulipopita huko majuzi, tulimkuta kaka yake ameketi naye juu ya mkeka, anamnyoshea kidole chungu, mlango, kuku, na kumwuliza kila kimoja mama hukiitaje. Mdogo alikuwa akijibu, na mkubwa akirudia.