Mgeni Ndani ya Nyumba ya Ibada: Wajibu Wetu Sisi Wenyeji

Yafuatayo ni maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za sharika na parokia zinazopokea wageni, Moshi.

 

Nimeombwa nizungumzie adabu ya watalii wanaotembelea makanisa, hasa makanisa ya Kikatoliki. Najua wapo wanaojiuliza Mlutheri anatafuta nini huko. Jibu ni rahisi. Wageni wengi wanaoingia kanisani Kilema au Kibosho na kamera shingoni wameletwa na magari yetu. Ni wageni wa sharika rafiki za Ujerumani, Marekani na nchi za Skandinavia. Tunawapokea KIA, tunawalaza katika hosteli zetu, tunawaonyesha miradi ya maji na ya ng'ombe wa maziwa, halafu siku ya mapumziko tunawapeleka kuona makanisa ya zamani. Wakikosea huko, wamekosea kwa jina letu.

Na wana haki ya kutaka kuyaona. Mwaka 1890 Askofu de Courmont na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema, na kutoka hapo imani ya Kikatoliki ikaenea mlimani, pamoja na kahawa ambayo mapadre hao waliileta. Miaka mitatu baadaye, 1893, wamisionari wa Leipzig waliweka kituo chao Machame. Kwa muda mrefu pande hizi mbili zilitazamana kwa jicho la pembeni. Wamo humu ukumbini wazee wanaokumbuka wakati Mlutheri kuingia kanisa la Kikatoliki lilikuwa jambo la kuulizwa nyumbani. Leo tunazikana na kuoana, na tumekaa katika semina moja tukizungumzia wageni. Ni maendeleo hayo, hata kama hayaingii katika taarifa za robo mwaka.

Aidha, tusisahau jiografia yetu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na sasa hupokea makumi ya maelfu ya wapandaji kwa mwaka. Wanaokwenda lango la Marangu, la Machame au la Umbwe wote hupita katikati ya vijiji vyetu, mbele ya milango ya makanisa yetu. Wengi hukaa siku moja au mbili kabla ya kupanda au baada ya kushuka, na mara nyingi mojawapo huangukia Jumapili. Mwongozaji anawauliza kama wangependa kusikia kwaya. Nani atakataa?

Basi mambo hutokea namna hii. Misa imefika kwenye mageuzo, kengele imelia, kanisa zima limepiga magoti. Mgeni mmoja aliyevaa kaptura na buti za mlimani anapita njia ya pembeni hadi mbele, anaipa altare mgongo, anawapiga picha watu nyuso zao wakiwa wameinama. Hana nia mbaya. Anaona jambo zuri na anataka kulipeleka nyumbani. Lakini yule mama wa benchi la tatu, aliyeamka saa kumi alfajiri kukata majani ya ng'ombe ili awahi Misa ya kwanza, amepigwa picha akiwa mbele za Mungu wake na mtu ambaye hata hakumwamkia.

Hapa Walutheri wenzangu nao wanahitaji kuelezwa jambo, maana wengi wetu hatulijui vizuri. Kwetu ibada ikiisha, kanisa ni jengo lenye heshima, lakini unaweza kupita mbele ya altare ukibeba ndoo na kitambaa cha kupangusia. Kwa Wakatoliki, Ekaristi huhifadhiwa ndani ya tabernakulo, na taa ndogo inayowaka karibu nayo ni alama kwamba Kristo yupo hapo. Ndiyo sababu Mkatoliki hupiga goti anapoingia, hata siku ya Jumanne kanisa likiwa tupu. Kwa hiyo mgeni anayesema kwa sauti kubwa kwa sababu hakuna ibada, au anayeketi kwenye ngazi za altare ili apigwe picha, amekosea vilevile kama angefanya hivyo Jumapili. Si lazima aamini. Inatosha ajue kwamba mwenye nyumba anaamini.

Jambo la Komunyo ni gumu zaidi, na nimeona linavyowaumiza watu wa pande zote mbili. Wageni wetu wa Kilutheri, ambao kwao wamezoea meza iliyo wazi kwa Wakristo wote, husimama kwenye mstari na kunyoosha mikono. Sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu hilo ila katika hali za pekee. Padre anaweza kutambua, akabaki na uchaguzi wa kumwaibisha mgeni mbele ya watu au kutenda kinyume na dhamiri yake. Tumpunguzie padre mzigo huo. Anayempeleka mgeni amweleze garini, kabla hawajafika, kwamba wakati wa Komunyo abaki kwenye benchi. Pale ambapo paroko ameruhusu, anaweza kwenda mbele amekunja mikono kifuani apewe baraka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa. Ndugu wajumbe, wageni hawa hawa wakienda Roma, kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro, wakiwa mabega wazi au wamevaa kaptura, hurudishwa mlangoni. Wakienda kanisa kuu la Köln huko Ujerumani wakati wa Misa, hawaruhusiwi kuzunguka kutazama. Ama unakaa uabudu, ama unasubiri nje. Nao hutii wala hawanuni. Kwa nini basi mtu anayetii Köln asitii Kibosho? Kwa sababu Köln ameambiwa. Kibosho hakuna aliyemwambia. Tumesimama pembeni tukitabasamu, akiondoka tunasema Wazungu hawana adabu.

Tunanyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njema: tumelelewa kwamba mgeni haelekezwi, mgeni njoo mwenyeji apone. Ya pili si njema, na kwa kuwa wafadhili wetu watayasoma maneno haya, naisema waziwazi. Tunanyamaza kwa sababu ya fedha. Tunaogopa kwamba tukimwambia funga kamera, hataandika ile hundi ya bati za nyumba ya katekista. Waraka wa Yakobo sura ya 2 unaeleza habari ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame. Nimeona hilo likitendeka mwezi wa Desemba, watu wetu wote wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, kanisa limejaa hadi nje chini ya miti, na mzee wa miaka themanini akanyanyuliwa benchi la mbele ili wakae vijana sita wa kigeni waliokuja kwa nusu saa. Vijana wenyewe waliona haya. Hawakuomba benchi lile.

Katika usharika mmoja ambao sitautaja, wageni walifika siku ya mazishi. Kwa heshima wakapangwa mbele, karibu na jeneza, na baadaye wakafuatana na watu hadi kihambani kwenye kaburi. Hakuna aliyewaambia lolote kuhusu picha. Miezi kadhaa baadaye uso wa yule mjane, akilia, ulitokea kwenye kadi ya kuchangisha fedha huko ng'ambo, na maneno chini yake kuhusu umaskini wa Afrika. Mwanawe anayefanya kazi nje ya nchi ndiye aliyeiona. Mama yule si maskini wa kuombewa kadi. Ana kihamba chake, ana migomba na kahawa, amesomesha watoto wanne. Siku ile alikuwa anamlilia mumewe. Familia ilipokuja kwa kamati kuuliza nani aliruhusu, kamati haikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeruhusu na hakuna aliyekataza.

Wafadhili wetu wapendwa, hapo ninawaomba jambo moja. Picha yoyote ya muumini mnayotaka kuitumia katika machapisho yenu, mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa, na aambiwe itakwenda wapi. Mtoto aulizwe mzazi wake. Mwalimu wa shule ya Jumapili hana mamlaka ya kumgawa. Isitoshe, tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo jambo hili limetoka katika adabu tu na kuingia katika sheria. Ofisi yetu nayo inafuata utaratibu huo huo katika jarida hili. Ndiyo maana wakati mwingine mnapata taarifa ya mradi yenye picha ya tangi la maji peke yake. Tangi halina kinyongo.

Kuhusu fedha, Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1221, inasema kuingia kanisani wakati wa ibada kuwe huru na bila malipo. Sioni kwa nini sisi tufanye tofauti. Lakini kuonyesha jengo na historia yake nje ya saa za ibada ni kazi, na kazi hulipwa. Pale Mkunazini, Zanzibar, wageni hulipia kutazama maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa, wakaongozwa na kuliona kanisa kuu la Anglikana, na ibada za waumini zinaendelea kwa wakati wake. Parokia inaweza kumweka kijana mmoja aliyefundishwa historia ya kanisa lake, akatoza kiasi kinachojulikana, akatoa risiti, na fedha zikasomwa mbele ya halmashauri. Ninachokipinga ni ile noti anayopenyezewa mtu mlangoni. Noti hiyo ndiyo inayomfanya mgeni adhani amenunua ruhusa.

Kuna na mnada. Mnajua baada ya ibada tunavyonadi matoleo: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, kibuyu cha maziwa. Wageni wanaufurahia kuliko mahubiri, na siwalaumu. Lakini mgeni anapopandisha kuku hadi bei ya mbuzi, watu hupiga makofi, kisha wanaacha kunadi. Kuna mama huja na elfu tano yake akitaka kununua ndizi zilizotolewa na jirani yake, na hiyo ndiyo sadaka yake ya pili. Tunamnyang'anya nafasi. Usharika mmoja umepata njia nzuri: mgeni ananadi kitu kimoja tu, na akishinda anakirudisha kinadiwe tena kwa wenyeji. Fedha zinapatikana, furaha inabaki, na kuku hasafiri kwenda hotelini.

Mengine ni mepesi, nayapita haraka. Bibi mmoja mwenye kauli nzuri akae mlangoni na kanga safi kumi za kuazima. Hakuna mgeni nimewahi kumwona akikataa kanga, wengi huomba wainunue. Fimbo za kupandia mlima na mabegi viachwe nje kwa mlinzi. Atakayeingia wakati wa ibada akae hadi mwisho, na kama hana muda huo aje saa nyingine. Wakitaka picha ya kanisa, paroko au mchungaji atangaze baada ya baraka ya mwisho kwamba wageni wanaomba kupiga picha, na asiyetaka atoke kwanza. Droni zisirushwe juu ya kanisa bila kibali cha paroko au mchungaji, hata kama mrushaji ana vibali vingine vyote.

Waongozaji na madereva ndio ufunguo, nao ni watoto wetu. Wengi wamebatizwa katika makanisa haya haya. Wanajua kabisa mahali pa kuvua kofia, ila wanaogopa kupoteza bahashishi. Nashauri kila kamati iwaite mara moja kabla ya Juni, msimu wa wageni wengi unapoanza, na tena kabla ya Desemba, iwanyweshe chai, na kuwaambia: Wewe mwanangu, mwambie mgeni wako kwamba ni kanisa linalotaka hivi, si wewe. Hapo anapata mahali pa kujificha.

Nimeandika rasimu ya kibao cha mlangoni, yenye mistari sita, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani. Nakala ziko pale mezani karibu na birika. Nimeanza na neno Karibu, na mstari wa pili unasema hapa watu wanasali. Ndugu zangu wa Kilema wameniambia mstari wa tabernakulo haujakaa sawa, nao wataurekebisha wenyewe. Fundi anataka maneno ya mwisho Ijumaa, maana mbao zimekwisha randwa. Basi tuchukue chai, na kila kamati ije na kalamu.