Dada Naye Aulizwe Kuhusu Maji
Makamanda, shangazi yangu anasema usawa umeshafika, maana kila akiwasha TV anamwona mwanamke. Sawa, anaonekana. Anaulizwa nini?

Juzi redioni dada yetu anayegombea udiwani kaulizwa nani anampikia mumewe. Mpinzani wake, mwanamume, akaulizwa kuhusu maji. Wasikilizaji wakacheka, na mimi nilicheka kidogo, nakiri.

Mwaka 2015 wagombea urais walikuwa 8. Mwanamke alikuwa Anna Mghwira peke yake, wa ACT-Wazalendo (si chama chetu, ila haki yake tumpe), akashika nafasi ya tatu. Ulizeni vijiweni nani anamkumbuka.

Nasoma sheria, lakini kwa hili sisubiri mahakama. Kipindi kinapokea simu. Kesho asubuhi tupige, tudai dada aulizwe kuhusu maji.