Majina ya Mahali katika Pwani ya Tanga na Pangani

Jioni ya leo twapenda kunena nanyi habari za majina ya mahali katika pwani ya Tanga na Pangani. Huenda mtu akauliza, Jina la mahali lina faida gani? Jibu letu ni kwamba jina ni amana tuliyoachiwa na waliotutangulia, na amana isipotunzwa hupotea.

Tuanze na Tongoni, kijiji kilicho kusini ya mji wa Tanga, katika njia iendayo Pangani. Tongo ni mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Hapana watu wajengao mji mpya wakauita mahame. Basi jina lenyewe latwambia kwamba palikuwa na mji mwingine hapo kwanza, na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopo ni shahidi. Mji ule uliitwa Mtang'ata. Mji umekwisha, lakini jina lake limesalia katika hori ya bahari iliyo karibu.

Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipita hapo, na merikebu yao moja, São Rafael, ikapanda fungu. Maji yalipojaa ikaelea. Fungu lile wakalipa jina la merikebu, na milima ya Usambara waliyoiona kwa mbali wakaiita vivyo hivyo. Mwaka 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, wakaichoma merikebu ile papo hapo. Jina walilotoa nalo halikudumu: hapana Mshambaa aitaye milima yake São Rafael.

Kwa nini jina moja hufa na jingine hudumu? Sisi twaona kwamba jina huishi kwa miguu ya watu walitumiao. Tuwatazame wapagazi wa zamani. Walitoka Pangani na mizigo ya nguo, ushanga na nyuzi za shaba, kila mmoja kadiri ya frasila mbili, wakaenda Kilimanjaro na Umasaini, wakarudi na pembe za ndovu. Kwao jina la mahali halikuwa pambo. Lilikuwa habari ya maji, ya chakula, na ya mkubwa wa nchi adaiye hongo. Aliyekosea jina aliweza kulala na kiu.

Mmoja wa watu wa kazi hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyi biashara ya pembe wa Pangani. Mwaka 1883 alisafiri pamoja na Joseph Thomson katika nchi ya Wamasai. Tena mwaka 1887 aliondoka na Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, hata mwaka 1888 wakalifikia ziwa kubwa la kaskazini. Teleki akalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria. Jina hilo liliandikwa katika ramani miaka mingi, lakini mwaka 1975 liliondolewa, na ziwa likaitwa Turkana, kwa jina la watu wakaao kando yake.

Huko Tanga reli ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mizigo ikashuka vichwani mwa watu ikapanda garini. Korogwe na Mombo zikapata stesheni, na majina yao yakatajwa na kila abiria. Lakini kambi ambazo gari halikusimama, ni nani angezitaja tena? Kazi ya wapagazi ilipokwisha, majina yaliyotunzwa na kazi hiyo yalibaki vifuani mwa wazee tu.

Ndiyo sababu twamshukuru Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekaa na wakubwa wa Usambara akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kupigwa chapa Magila mwaka 1895. Humo twasoma habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akagawia watu nyama, hata wakamfanya mfalme wao. Na mji wa Vuga, makao ya wafalme wale. Kama asingaliandika, mengi ya hayo yangalikwenda kaburini pamoja na waliomsimulia.

Lakini tujihadhari. Wako wasemao kwamba Tanga ni tanga la chombo. Ni maneno mazuri, ila kufanana kwa maneno mawili si ushahidi. Kwa Tongoni twaamini, maana neno na magofu vyapatana. Penye neno bila shahidi, tungoje.

Basi, wasikilizaji, kila mmoja na amwulize mzee wake: kisima hiki kiliitwaje kabla ya kuchimbwa upya? Mlima huu ulipewa jina na nani, na kwa kazi gani? Kisha aandike. Mji wa Mtang'ata haukuacha kitabu. Bahati njema hori yake imetunza jina. Si kila mji una hori.

Kwaherini.