Equator Sound Band: Ilivyovuma, Ilivyozimika, na Funzo kwa Wasanii wa Leo

(Maandishi ya mazungumzo kwa wasanii chipukizi na wakazi)



Taita Taveta ina mwana mmoja ambaye sauti yake inajulikana hata na watu wasiojua Taveta iko wapi. Huyo ni Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938. Jina hilo la mwisho latosha kueleza asili yake. Wengi humkumbuka kwa wimbo wa Malaika. Wachache huikumbuka bendi aliyopiga nayo, na wachache zaidi hujua ilivyokwisha. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Fadhili na kundi lake la Jambo Boys walirekodi Malaika jijini Nairobi. Baadaye kundi hilo likawa kiini cha Equator Sound Band, bendi ya kampuni ya kurekodi ya Equator Sound Studios iliyoongozwa na Charles Worrod. Humo walikutana vijana kutoka pande nyingi. Fadhili alitoka Taita. Daudi Kabaka alikuwa Mluhya aliyezaliwa Uganda. Gabriel Omolo na Sylvester Odhiambo walikuwamo pia. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka nchi inayoitwa Zambia leo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na ndiyo maana nyimbo zao zilieleweka kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Mtindo wao uliitwa African Twist. Wakati huo dansi ya twisti kutoka Marekani ilikuwa imewashika vijana wa mijini. Wanamuziki hawa waliichukua, wakaichanganya na magita ya huku na mdundo wa kwela wa kusini mwa Afrika, ikawa kitu kingine. Nyimbo zilikuwa fupi, zikatosha upande mmoja wa santuri ndogo. Maneno yalihusu maisha ya watu: dereva wa teksi, msichana aliyesoma, kijana anayependa lakini hana mahari. Kabaka aliimba Harambee Harambee, na wazee waliopo hapa wanaikumbuka kutoka redioni.

Sifa zikavuka bahari. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliimba Helule Helule ya Kabaka, ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo. Malaika nayo ilienda mbali zaidi. Miriam Makeba aliiimba majukwaani kote duniani. Boney M wakairekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo akafuata miaka kumi baadaye.

Basi, bendi iliyosikika London ilikwishaje?

Sababu ya kwanza ni mabadiliko ya ladha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wanamuziki wa Kongo walikuwa wanajaza kumbi za Nairobi kwa rumba, na benga ilikuwa inapanda kutoka Nyanza. Twisti ikaonekana ya jana. Hilo humpata kila mwanamuziki, na halina wa kulaumiwa.

Sababu ya pili ni namna bendi yenyewe ilivyoundwa. Bendi ya studio hutegemea studio. Mwenye studio ndiye mwenye mitambo na kanda, na ndiye anayeamua santuri gani itoke. Mwanamuziki hulipwa kwa kazi ya siku au ya mwezi, lakini wimbo huendelea kuuzwa baada ya malipo hayo kwisha. Wakati wa kutawanyika ulipofika, kila mmoja alishika njia yake. Omolo alivuma mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa Lunch Time. Pichen na Tsotsi wakaunda Eagles Lupopo. Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi Februari 2001. Kabaka alimfuata Novemba mwaka huo huo.

Na Malaika? Mpaka leo watu hubishana nani aliyeitunga. Adam Salim wa Tanzania alisema aliitunga mwaka 1945. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alishikilia kwamba ni wake. Ubishi huu umedumu kwa sababu hapakuwa na karatasi ya mapema yenye jina na tarehe ambayo wote wangeikubali. Wimbo wa kijana asiye na pesa za kuoa uliingiza pesa duniani kote, na nyumbani ukaacha mabishano.

Hapa ndipo kisa hiki kinapowagusa vijana mliofika. Leo studio yaweza kuwa chumba kimoja chenye kompyuta, na wimbo unaweza kufika mbali kabla jua halijatua. Lakini swali ni lile lile: wimbo ni wa nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 2001, haki hiyo hufika mwisho wa mwaka 2051. Huo ni urithi wa watoto na wajukuu. Sheria hiyo hiyo inasema kumhamishia mtu mwingine hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa sahihi na anayeihamisha. Kwa hiyo sahihi ni kitu kizito. Soma kabla ya kuiweka, na usipoelewa, mtafute anayeelewa.

Wimbo ukikamilika, andikeni nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, na kila mmoja atapata sehemu gani. Wekeni tarehe, na kila mtu atie sahihi. Kisha usajilini kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Fanyeni hivyo mkiwa bado marafiki na wimbo haujaingiza hata shilingi, kwa maana pesa zikishafika kila mtu hukumbuka mambo kivyake.

Mali bila daftari huisha bila habari. Fadhili na wenzake waliacha mali kubwa. Vijana wa kaunti hii wana vipaji kama vyao, na daftari ni rahisi kulipata.